Haja Gani

Kibokoni, Mombasa
2 Machi 1966

Ndugu yangu Taha,

Salamu nakuletea, ila pokea kwa mkono wa kushoto. Idi imepita, Idi uliyoapa kwamba utaila na sisi, na Mama alikuwekea visheti kwenye kopo mpaka vikaingia wadudu. Nilivimwaga mwenyewe, yeye hakuwa na moyo wa kuvimwaga.

Mama amenikalisha chini ananiamuru niandike kwanza kwamba sote tu wazima, ndipo niseme mengine. Basi sote tu wazima. Joto la mwaka huu ni la kukausha mate. Mtungi naujaza asubuhi, na kabla ya adhuhuri umekwisha, na anayeumaliza ni Mama peke yake. Amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Kutwa yuko msalani, akitoka anaomba maji tena. Anasema ni joto. Na huko msalani sisimizi wamehamia na jamaa zao wote. Nimewamwagia maji ya moto, nimewamwagia mafuta ya taa, siku ya pili wamejipanga mstari kama hapakuwa na jambo. Nimechoka nao.

Sasa sababu hasa ya barua hii ni paka wetu, Liwali. Unakumbuka Baba alivyompa jina hilo kwa ajili ya kile kifua cheupe na ule mwendo wa kutomjali mtu. Maliwali wa serikali wameondoka na uhuru umekuja, huyu wetu ndiye aliyebaki. Tangu juzi simwelewi. Anaingia kwenye karai la jivu, anachimba, anachuchumaa mpaka miguu inamtetemeka, anajikamua, analia kwa sauti ambayo sijaisikia kwake miaka yote tisa, kisha anatoka bila kitu. Akitoka anajilamba huko nyuma bila kupumzika. Haipiti robo saa, amerudi karaini. Hapati haja. Na yeye aliyekuwa halali ila juu ya mto wa Baba, sasa analala msalani kwenye sakafu baridi.

Mama asema mnyama ana dawa yake mwenyewe. Mimi nasema tuna kijana tuliyempeleka Nairobi kusomea wanyama, na aseme yeye. Nijibu upesi, Taha. Unajua kwamba mpaka leo ikifika saa kumi na moja jioni paka yule hushuka ngazi akakaa mlangoni kumngoja Baba arudi Kilindini? Watu wote wa nyumba hii wameshaacha kumngoja, isipokuwa yeye. Nikimpoteza na huyu sijui nitamtazama nani.

Dada yako,
Swabaha


Chuo cha Mifugo, Nairobi
4 Machi 1966

Dada Swabaha,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeifungua moshi ukatoka. Joab, mwenzangu wa chumba kimoja, aliniuliza kama nimefiwa, nikamwambia hapana, nimeandikiwa na dada yangu tu.

Idi nisamehe. Tulikuwa na mtihani siku ya pili yake, na mwalimu wetu hajui Idi wala Mosi. Visheti nitavidai kwa Mama nikija.

Ama huyo Liwali, mpe salamu zangu na umwambie apunguze ulafi. Najua mnavyomlisha. Mama akipelekewa ng'onda kutoka Liwatoni, nusu ni ya watu na nusu ni ya paka. Samaki mkavu, chumvi tele, na juu yake nywele anazojilamba. Tumbo gani litastahimili? Huko ni kufunga choo tu. Mpe mafuta ya mbarika kijiko cha chai, na maji mengi, usubiri siku mbili. Likifunguka utajuta ulimpa ndani ya nyumba.

Wala usihangaike kumpeleka popote. Utapita na kapu la paka Mji wa Kale mzima, uchekwe mpaka na punda. Huko kwenu daktari wa wanyama ni kwa ng'ombe wa maziwa.

Nakimbia darasani, leo tunapasua mbuzi. Mama msalimu sana, mwambie joto litapungua mvua za masika zikianza.

Nduguyo,
Taha


TELEGRAMU
Mombasa, 8 Machi 1966, saa tatu asubuhi
KWA TAHA CHUO CHA MIFUGO NAIROBI
PAKA BADO HAPATI HAJA ANATAPIKA HALI KITU TUMBO GUMU JIBU LEO
SWABAHA


TELEGRAMU
Nairobi, 8 Machi 1966, saa sita mchana
KWA SWABAHA KIBOKONI MOMBASA
HAJA GANI
TAHA


Kibokoni, Mombasa
8 Machi 1966, saa nane mchana

Taha,

Sikusalimu.

Haja gani! Mimi nimetoka nyumbani asubuhi mbio mbio, buibui nimelivaa upande, nimesimama dirishani posta mbele ya Menza ambaye mamake tunajuana naye, karani mwanamume, nikamwandikia mambo ya tumbo la paka wangu akayasoma kwa sauti akihesabu maneno, na wote waliokuwa nyuma yangu wakasikia. Nimerudi nimekaa ngazini nikingojea. Na wewe unanijibu kuna haja gani. Kuna haja gani kumsumbua bwana mkubwa kwa ajili ya paka, sivyo? Maneno mawili tu. Mbwa wa mtu wa Nairobi angejibiwa kwa barua ndefu.

Nakuuliza na mimi basi. Kulikuwa na haja gani ya kukusomesha?

Mafuta yako ya mbarika nilimpa. Nilimfunga ndani ya taulo nikampanua midomo, akanikwaruza mkono mzima, nikamwambia stahamili, Taha ndiye aliyesema. Akayatapika. Siku ya pili nikampa tena, akayatapika tena. Tangu jana asubuhi hata karaini haendi. Tumbo lake upande wa chini nimeligusa, lina kitu kama chungwa, gumu, na nilipoligusa akalia kilio cha mtu. Alipokuwa analia usiku nilifunga masikio. Sasa halii tena, na hilo ndilo linalonitisha.

Na nilikuficha jambo. Siku ile nilipokuandikia, niliona tone kwenye mswala wa Baba. Tone dogo, na lilikuwa na wekundu. Niliufua mswala kabla Mama hajaona, maana angemtoa paka nje, na sikuliandika kwa sababu si jambo la kuandika.

Leo nilifungua sanduku la Baba nitafute shuka kuukuu ya kumlaza Liwali. Unajua nimekuta nini? Barua yako ya Oktoba 1964. Nakunakilia uisome mwandiko wako: "Huko ni kufunga choo tu. Mpeni sanamaki, na maji mengi, msubiri siku mbili." Nimeiweka kando ya hii ya juzi. Umebadilisha dawa tu, Taha. Maneno ni yale yale.

Tulikuandikia wakati ule kwamba Baba hapati haja na tumbo limemjaa. Ukajibu hivyo, na sisi tukasubiri hizo siku mbili, tukaongeza na ya tatu. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hamjui mtu. Daktari alitusimamisha mlangoni, mimi na Mama, akasema mkojo umeziba ukamrudia mwilini, laiti angeletwa mapema. Wewe tulikwambia amekufa kwa tumbo. Mama alinishika mkono akanikataza nisikwambie neno, utavunjika moyo uache masomo. Mwaka na nusu nimelimeza. Kila ukiandika "leo tumepasua mbuzi, leo tumetibu ndama," nimelimeza tena.

Leo nimelitapika, kama paka alivyoyatapika mafuta yako.

Kuna neno jingine linanijia kalamuni na sitaliandika. Liwali yuko chini ya kitanda cha Baba, amelala ubavu, namwita hageuzi hata sikio. Naipeleka barua hii posta mwenyewe, kwa miguu yangu, nione inaingia sandukuni.

Kwa leo huna dada.

Swabaha


TELEGRAMU
Nairobi, 8 Machi 1966, saa nane mchana
KWA SWABAHA KIBOKONI MOMBASA
NAULIZA HAJA IPI NDOGO AU KUBWA KAMA MKOJO UMEZIBA ATAKUFA USIMMINYE TUMBO MPELEKE DAKTARI JAFFAR TONONOKA SASA HIVI
TAHA


Chuo cha Mifugo, Nairobi
8 Machi 1966, jioni

Dada Swabaha,

Tangu saa sita, ila ule muda niliomkimbilia mwalimu, nimekaa nje ya posta kama mwombaji, nangoja unijibu swali moja. Nimekuuliza haja gani. Ndogo au kubwa? Hujajibu. Nimeleta telegramu ya pili, karani amenitazama kama mwendawazimu kwa lile neno, na bado hujajibu. Sasa wamefunga dirisha nami nimebaki na kalamu. Barua hii itafika mambo yamekwisha, kheri au shari, lakini nisipoiandika nitapasuka.

Una umri wa miaka thelathini na mbili, unashindwa kuandika herufi tano? M, k, o, j, o. Basi. Wino haugeuki najisi.

Nilisoma "hapati haja" nikaona ile kubwa, kwa sababu ndiyo ya kila siku, na kwa sababu nilikuwa na haraka. Kosa hilo ni langu nalikubali. Lakini leo nilipoona anatapika na tumbo gumu, nilikuuliza wewe kwanza, kisha nikakimbia kumwuliza mwalimu wetu. Aliniuliza: dume au jike? Nikasema dume. Akaniuliza: anachuchumaa mara nyingi kuliko kawaida? Anajilamba? Anatafuta sakafu baridi? Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, yote yameandikwa, barua ninayo mfukoni. Akavua miwani. Akasema paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba kama uzi, ikiziba hangojwi. Ng'ombe asipokula siku mbili tunaweza kumtazama. Paka dume asipokojoa kutwa moja, apelekwe kwa mtu anayejua, siku hiyo hiyo, na asiguswe tumbo maana kibofu hupasuka. Akitapika ni sumu imeanza kupanda. Akinyamaza, saa zimebaki chache.

Ulikuwa na dalili zote mkononi, dada. Ulizihesabu moja moja kwenye barua, vizuri kuliko wanafunzi wenzangu, kisha ukazifunika kwa neno moja la adabu. Na mimi nikakwambia usimpeleke popote, utachekwa. Nimejipiga kofi kwa hilo, Joab ni shahidi.

Jaffar ni mtu mwema, alisoma mbele yangu, ana chumba chake nyuma ya uwanja wa Tononoka. Nenda. Kama umekasirika nenda na hasira zako, lakini nenda.

Taha


Chuo cha Mifugo, Nairobi
11 Machi 1966

Swabaha,

Barua yako ya tarehe nane imenifikia jana. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha sijui.

Kwanza nikujibu lile la kijinga, maana ndilo jepesi. "Haja gani" halikuwa dharau. Nilikuwa nakuuliza. Karani alikuwa ameshika funguo, nikaandika maneno mawili nikidhani dada yangu ananijua.

Sasa hilo jingine. Mwaka na nusu! Mwaka na nusu mmeniacha nije likizo, nile, nicheke, nikae kwenye kiti cha Baba, nijigambe mbele ya wajomba kwamba nitakuwa daktari wa wanyama, na nyinyi wawili mnatazamana juu ya kichwa changu. Nani aliwaambia nataka kuhurumiwa? Kama nilimuua baba yangu kwa wino, nilikuwa na haki ya kujua siku ile ile, si leo, si kwa ajili ya paka.

Na nasema na hili, ukasirike usikasirike. Nilikuwa na miezi minne chuoni. Nilichokijua ni kumpima ndama homa. Mombasa mna hospitali, mna madaktari wa watu, wako umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa nini mliniuliza mimi? Nimekesha nalo swali hili na jibu nimelipata. Mliniuliza mimi kwa sababu kwangu mngeandika "haja" yakaisha. Daktari angewauliza ipi.

Lakini sikuuliza. Hilo ndilo siwezi kulipita. Baba yangu mwenyewe, na sikuuliza ipi. Nilijibu kama niliyejua.

Liwali yu hai au amekufa? Siku tatu hamniambii hata hilo. Kila nikiona mpeleka barua natoka mbio, Joab ameanza kunicheka, kisha ameacha kucheka.

Na kuna jambo la mwisho, na hili si la paka. Jana baada ya barua yako niliitoa ile ya tarehe mbili nikaisoma upya, safari hii kama mtu anayetaka kujua. Umeniandikia kwamba Mama anamaliza mtungi kabla ya adhuhuri. Kwamba amekonda, kutwa yuko msalani, akitoka anaomba maji tena. Kwamba sisimizi wamehamia huko na hawaondoki hata kwa mafuta ya taa. Na juu ya yote hayo umeandika sote tu wazima, nami nikajibu joto litapungua.

Sisimizi hawafuati joto, Swabaha. Wanafuata sukari.

Sitaki kurudia kosa lile. Nenda kwa Mama, kaa mbele yake, umuulize: anakojoa mara ngapi kwa siku? Na hao sisimizi wanakusanyika mahali gani hasa? Kwa maneno hayo hayo. Akikufukuza rudi umuulize tena. Nami nataka jibu lenye mkojo ndani yake, sitaki "haja", sitaki "joto", na wallahi sitaki "wazima".

Taha


Kibokoni
14 Machi 1966

Mwanangu Taha,

Naandika mwenyewe kwa herufi zangu za Kiarabu za chuoni, za kutoka kulia. Kama umezisahau huko Nairobi tafuta wa kukusomea, nawe ujue ladha yake. Swabaha ameshika kalamu siku tano, kila nikipita naona karatasi nyeupe. Barua zako zote nimesomewa, nimemkalisha akanisomea moja moja, na zake akanieleza alivyoziandika, hata zile mulizodhani sitazisikia. Mumenikasirisha nyote wawili, sijui nianze na nani.

Nianze na paka, maana yeye hana kosa. Yu hai.

Siku ile Swabaha alishika ndia kwenda posta kukutupia maneno, na paka yuafa chini ya kitanda. Nimeshamwambia, nakwambia na wewe usikie: hasira zake alizitanguliza posta, paka akamweka nyuma. Hajatoka sana, yuaja mtu wa telegramu na baiskeli. Mimi herufi hizo za kutoka kushoto sizijui. Nikashuka nayo dukani kwa Idarus. Duka limejaa watu. Idarus akaanza kusoma, akafika mahali akakohoa.

"Bimdogo, hapa pana neno."

"Lisome."

"Ni neno la ndani, Bimdogo. Ngoja watu watoke."

"Idarus, mimi nilikutuma usome au uchague? Lisome!"

Akalisoma, mato yake yako chini. Kama mkojo umeziba atakufa. Watu wote dukani wanitazama, mwanamume mmoja ameshika bizari mkononi hajui aiweke wapi. Mimi masikio yakanivuma. Wao walidhani ni haya. Si haya, mwanangu. Neno lile nilikuwa nimelisikia zamani.

Sikumngoja Swabaha. Nikavaa buibui, nikamtia Liwali kapuni na ile shuka ya babako, nikatoka na jua lote kitwani. Ulisema tutachekwa. Kweli wako walionicheka, na mmoja akaniuliza kama napeleka paka sokoni. Nikamwambia nampeleka kwa daktari kwa sababu mkojo umeziba, nawe je, wako watoka? Akanipisha. Ndiani nimepiga hodi nyumba mbili za watu nisiowajua, ya kwanza kuomba maji, ya pili kuomba choo. Shika hilo, nitalirudia.

Kwa huyo Jaffar nilikuta wanaume watatu na mbwa wao. Akaniuliza, "Mama, paka ana nini?" Nikasema mkojo hautoki siku ya pili, yuatapika, tumbo gumu, hatujaliminya. Nimesema mbele yao wote, na mbingu haikuanguka. Akamdunga sindano, akampitishia mrija mwembamba mimi nimemshika miguu. Kulitoka damu, kukatoka mkojo mweusi kama kahawa, na ndani yake mtanga. Mtanga hasa, kama wa pwani. Akaniambia ningemleta asubuhi yake angenirudishia kapu tu. Akaniuliza ni nani aliyenijulisha, nikamwambia ni mwanangu, naye yuasoma.

Swabaha alirudi akakuta nyumba tupu, kitanda kimesogezwa, akadhani nimekwenda kumzika. Idarus ndiye aliyemwambia. Alifika Tononoka amelia ndia nzima, na telegramu yako mkononi mwangu akaiona, akajua ulikuwa wauliza. Tangu siku hiyo hana la kukuandikia. Msamehe, ila si haraka.

Paka alikaa huko siku nne. Ng'onda ameharamishiwa, mimi namchemshia samaki mbichi na mchuzi wake. Juzi karudi, na jana saa kumi na moja akashuka ngazi kwa taabu akakaa mlangoni.

Sasa babako. Nyamaza usikize, na huyu hapa naye nimemwambia anyamaze.

Siku ya kwanza ile, babako aliniita chumbani akafunga mlango. Akaniambia, Bimdogo, mkojo hautoki. Akanishika mkono: wallahi usiwaambie watoto, usimwambie mtu. Yeye aliyeandika mizigo ya meli nzima Kilindini bila kukosea jina, hilo hakuweza kuliandika wala kulitamka mara ya pili. Nami nikamwambia Swabaha baba yako hapati haja. Swabaha akaandika haja. Wewe ukasoma haja. Nani aliyesema uwongo? Hapana hata mmoja. Na mtu akafa.

Sanamaki uliiandika wewe. Niliyeichemsha ni mimi, nikijua kwamba si dawa ya mkojo. Na babako aliinywa akijua zaidi yangu. Aliinywa siku tatu, kikombe baada ya kikombe, ili asije akaulizwa. Swabaha hakulijua hilo. Nilimkataza asikwambie la hospitali kwa kukuhurumia, lakini nilikuwa najihurumia mimi. Mnataka kugawana makosa nyinyi wawili, mwavutana nayo kama kanga ya mnada, na fungu kubwa ni langu. Lirudisheni.

Swali lako Swabaha ameniuliza. Nilimfukuza. Akarudi akaniuliza tena kama ulivyomfundisha. Nikamtupia kiatu. Akakiokota, akakaa, akauliza mara ya tatu, nami nikamtazama mato nikaona amefanana na babako siku ile ya mlango, ila yeye hakuufunga.

Basi andika. Nakojoa mara kumi na mbili mchana, na za usiku sizihesabu. Kiu hainiishi, nazo zile hodi mbili za ndiani ndizo hizo. Ni tangu kabla ya Ramadhani, na nilifunga hivyo hivyo, na kiu ilikuwa kama moto. Sisimizi hawakuhamia msalani. Wanakusanyika pale ninapochutama mimi, Swabaha akitoka huko hawamfuati. Mimi niliwaona zamani. Nilikuwa namwacha binti yangu awapige vita kwa mafuta ya taa, nami nimekaa barazani nasema ni joto.

Kesho asubuhi yuanipeleka hospitali. Nimemwambia aingie na mimi lakini asinisemee, nitasema mwenyewe, nimeshajifunza kwa paka.

Nawe ukija, usinisalimu kwa hali gani. Nitakujibu njema, ndivyo nilivyolelewa, nitakujibu njema hata roho ikiwa hapa kooni. Niulize nimekojoa mara ngapi. Nitakukasirikia, lakini nitakujibu.

Mamako,
Bimdogo